Paa Lisilopigwa Hodi

Drili ilipenya ghafla, kama mguu unaokosa ngazi, nikaangukia paa la gari kwa viwiko vyote viwili. Paa halikulia. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Bati likitobolewa hupiga kelele ya kukereza meno, wapita njia wakaangalia juu na kusonya. Hili lilitoboka kimya, laini, kama ganda la mkate, likatema unga mweupe ambao upepo uliupeperusha ukanijaa begani na kwenye mkunjo wa mkono. Nikaupuliza. Nikafurahi kwamba kazi imekuwa nyepesi.

Chini, dereva wa gari lile la wagonjwa alikuwa ameegemea mlango wake na kikombe cha chai. Tulimwita Breki kwa sababu hakuwa nayo, si barabarani wala mdomoni.

"Fundi mama!" aliniita. "Ukimaliza kunitobolea gari, nitobolee na masikio. Mke wangu anasema sisikii."

"Masikio yako hayana tatizo," nikamjibu. "Tatizo liko katikati yake."

Wasafishaji wawili waliokuwa wanapita na ndoo walicheka, na mimi nikacheka juu ya paa, mwanamke wa miaka ishirini na minne mwenye koti la kazi lililo kubwa kuliko yeye, maziwa yakianza kunijaa kifuani kwa kuwa saa ya kunyonyesha ilikuwa inakaribia. Ilikuwa siku ya kwanza kuachiwa karakana peke yangu.

Ni miaka minne sasa. Mwanangu, ambaye siku ile alikuwa na miezi saba, leo anajivalisha viatu mwenyewe, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia.

Nilijifunza kazi ya redio jioni. Miaka miwili nilikaa katika darasa ambalo mchana lilikuwa la watoto wadogo. Magoti yetu yaligonga meza kwa chini, na mwalimu wetu alichora mawimbi ya redio ubaoni juu kidogo ya a, e, i, o, u alizokatazwa kufuta. Mwaka wa pili nilikuwa na tumbo, na nilikaa upande upande kwenye kile kiti cha mtoto. Watu wa mtaani walisema ninapoteza muda. Baba mtoto, ambaye kazi yake ilikuwa mbali na alirudi mwisho wa mwezi tu, alisema kama muda ni wangu basi niupoteze nipendavyo. Nikafaulu. Nikachukuliwa karakana ya redio nyuma ya hospitali, chini ya fundi mkuu tuliyemwita Mzee Risasi, kwa kuwa hakukuwa na waya ambao risasi yake ya kuchomelea haikuuunganisha.

Mzee Risasi alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wengine waliifanyia mzaha. Kabla ya kutoboa paa la gari lolote alilipiga hodi. Aligonga kwa vifundo vya vidole, mara tatu, kisha akalaza sikio.

"Gari ni nyumba ya mtu, binti," aliniambia. "Huingii bila hodi. Paa likikuitikia, toboa. Lisipoitika, uliza kwanza limeumbwa kwa kitu gani."

Antena ya fimbo, alinifundisha, ni nusu ya kitu. Nusu ya pili ni bati lililo chini yake. Fimbo hurusha sauti, na bati ndiyo ardhi ambayo fimbo huikanyaga ili iruke. Ondoa bati, na fimbo ni mtu anayejaribu kuruka huku amesimama ndani ya maji.

Nilijua hayo yote. Niliyaandika daftarini, nikayapigia mstari.

Asubuhi ile Mzee Risasi alipanda mlimani kwenye mlingoti unaopokea sauti za magari na kuzirusha mbele. Aliniachia gari moja na uhuru wa kuchagua. Mezani niliweka antena tatu. Kwanza ile ya zamani ya Breki, yenye kitako cha sumaku, isiyohitaji tundu. Aliibandika juu ya kichwa cha gari, yaani paa la dereva, na matawi ya njia za vilimani yalikuwa yameiangusha mara tatu mwezi ule. Ya pili, fupi, yenye waya uliosokotwa tumboni kama utumbo wa kuku, nzuri kwa magari ya mjini. Ya tatu, fimbo ndefu yenye springi shingoni: tawi likiipiga huinama, kisha husimama.

Breki alitaka fupi. "Usinifanyie gari langu mende," alisema.

Nikachagua ndefu, kwa sababu gari lile lilikwenda nyuma ya vilima, ambako simu hufa na redio peke yake ndiyo hubaki. Uchaguzi ulikuwa sahihi. Kisha nikachagua mahali. Kichwani pa gari palikuwa na king'ora na taa, na mimi nilitaka nafasi na kimo. Kwa hiyo nikapanda nyuma, juu ya chumba cha mgonjwa, ambako paa liliinuka zaidi. Sikujiuliza kwa nini Breki, miaka yote ile, hakuwahi kuibandika sumaku yake huko juu. Nilidhani ni uvivu.

Nikapiga goti. Nikakunja ngumi nipige hodi.

"Fundi mama, unamgongea nani?" Breki akauliza kwa sauti ya kusikiwa na uwanja mzima. "Mgonjwa yuko wodini!"

Nikaurudisha mkono. Nikachukua drili.

Baada ya kufunga antena nilileta mita, ile saa ndogo inayoonyesha nguvu kiasi gani inaondoka na kiasi gani inarudi nyuma. Mshale ulipanda kwenye wekundu, maana yake nguvu ilikuwa inarudi. Sikushtuka, darasani tulifundishwa kwamba fimbo mpya huwa ndefu, unaikata nchani kidogo kidogo mpaka mshale ulale. Nikakata. Mshale ukashuka unywele. Nikakata tena. Kisha nikaushika waya niupitishe vizuri pembeni mwa mlango, na mshale ukaanguka mpaka chini kabisa, kama mtoto aliyepata ziwa.

Leo hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza angejua maana yake: mkono wangu ndio uliokuwa unafanya kazi ya bati. Siku ile nilisema alhamdulillahi, nikauandika ule usomaji, nikauachia waya. Sikuangalia tena mshale umekwenda wapi. Niliukata ukweli kidogo kidogo mpaka ukakubaliana na mimi.

Tulijaribu redio pale pale uwanjani. Sauti ikatoka safi. Chumba cha redio kilikuwa ng'ambo ya ukuta.

"Ile ya zamani usitupe," Breki akasema, akaichukua na waya wake na kuisukuma nyuma ya kiti chake. "Sumaku nitabania karatasi za safari."

Saa kumi kamili aliitwa. Kulikuwa na mama kwenye zahanati iliyo nyuma ya vilima, uchungu tangu jana yake. Breki akaruka kitini, sista wa zamu akapanda nyuma, na fimbo yangu ikapita chini ya geti ikiinama na kusimama. Nilipunga mkono. Kwa kweli nilipunga.

Nilifika nyumbani nikiimba. Mama mkwe alikuwa mlangoni na mtoto, nikampokea nikamlaza begani, shavu lake shingoni mwangu, na tukakaa hivyo kitambo nikimnyonyesha na kusimulia habari za kuchagua antena kwa mwanamke ambaye redio yake ilikuwa na kitufe kimoja.

Mtoto akaanza kulia. Si kilio cha njaa, wala cha usingizi. Alijikuna shavu kwa ngumi.

"Mke mwenzangu ana nini leo?" mama mkwe akauliza, maana ndivyo alivyomwita mjukuu wake. Akamsogeza dirishani. Shavu moja lilikuwa jekundu, vipele vidogo vidogo, upande ule ule uliolalia bega langu. "Umemlaza kwenye nini? Koti hili umelitoa wapi?"

Ndipo na mimi nikagundua kwamba nilikuwa najikuna. Mkunjo wa mkono, shingo, chini ya sikio. Tangu mchana, bila kuwaza. Nikavua koti nikalishika kwenye mwanga wa dirisha. Unga ule mweupe haukuwa unga. Zilikuwa nyuzi fupi mno, nyembamba kuliko unywele, zikimetameta kama chupa iliyosagwa.

Bati halitoi nyuzi. Bati hutoa vipande vinavyojiviringa, vinavyong'aa, vinavyokata vidole. Kinachotoa nyuzi za namna ile ni faiba, plastiki iliyosukwa na nyuzi za kioo.

Paa lilikuwa la faiba, kitu ambacho hata sumaku haishiki.

Tukamwosha mtoto kwa maji ya baridi, mengi, bila kumsugua, na nilimwaga maji sakafuni hata mama mkwe akaninyang'anya kata. Ndani ya kichwa changu watu wawili walikuwa wanazozana. Mmoja alisema: sauti ilitoka safi, umeisikia mwenyewe. Wa pili alisema: jirani humsikii kwa kuwa ana sauti, unamsikia kwa kuwa ukuta ni mwembamba. Mmoja akasema: subiri, gari litarudi, kesho alfajiri utapanda utarekebisha, nani atajua? Wa pili alikuwa anatazama saa.

Nikampigia Breki simu. Hapatikani. Bila shaka hapatikani. Ndiyo sababu ya kuwekewa redio.

"Sema," mama mkwe akaniambia.

Nikamwambia. Sikumweleza habari za mawimbi. Nilimwambia: nimefunga kitu vibaya, gari limeondoka nacho, na humo wanamchukua mwanamke mwenye uchungu. Nikisema, kazi nitaipoteza. Nisiposema, pengine hakuna litakalotokea.

Alimfunika mtoto kwa taulo, akampepea shavu kwa kiganja. "Mficha uchi hazai, mwanangu," alisema. "Niachie mke mwenzangu. Nenda."

Sikumbuki njia. Nakumbuka kwamba nilivaa kandambili za mama mkwe, na moja ilikuwa inaniponyoka.

Mwanamke wa chumba cha redio tulimwita Sikio. Alikaa mbele ya dirisha dogo na visikizio shingoni, kitabu cha zamu kimefunguliwa mbele yake.

"Breki wa gari namba tatu ameripoti?" nikauliza kabla ya salamu.

"Darajani, saa kumi na dakika ishirini. Sauti kama ya mbu. Tangu hapo kimya." Alinitazama miguuni, akaona kandambili. "Breki akila huwa haripoti. Lakini nusu saa nzima namwita, na daktari wa upasuaji ameshapiga simu mara mbili. Saa kumi na mbili anaondoka, kuna mgonjwa mwingine anamsubiri hospitali ya pili. Anauliza, huyo mama yupo au hayupo? Ni wa kisu au si wa kisu? Mimi nimjibu nini?"

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na moja na dakika ishirini na mbili.

"Hawali," nikasema. "Wanaita. Hawasikiki. Kosa ni langu, nimefunga antena kwenye faiba."

Sikio alichukua kalamu, kisha akaiinua juu ya karatasi bila kuishusha. "Mdogo wangu, unajua unachosema? Kikishaandikwa humu hakifutwi. Wakubwa wanakisoma kila Jumatatu."

"Andika, dada."

Akaandika. Nilisikia ncha ya kalamu ikikwaruza.

Mzee Risasi alikuwa bado mlimani. Huko juu simu yake ilishika. Nilimweleza kwa pumzi moja, upepo ukivuma upande wake.

"Unga mweupe?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Hodi ulipiga?"

"Sikupiga."

Upepo ukavuma. Nilisubiri anitukane, ingekuwa nafuu.

"Haya," alisema. "Mlingoti una nguvu kuliko gari. Huenda wao wanatusikia, ila yao ndiyo haifiki huku. Zungumza nao. Waambie la kufanya."

"Na kama hawanisikii?"

"Basi utakuwa umezungumza."

Sikio akavua visikizio, akanisogezea maikrofoni. Ilikuwa bado ina joto la mkono wake. Nikabonyeza. Kisha nikafumba macho nikatumia sauti niliyonayo, ile ninayomwitia mwanangu taa ikizimika ghafla, ya kumjulisha kwamba mtu yupo.

"Breki, ni fundi. Usijibu. Najua unajibu, lakini hatukusikii. Tafuta mahali, usimamishe gari. Nyuma ya kiti chako kuna antena yako ya sumaku. Itoe. Iweke juu ya kichwa cha gari, mbele, hapo ulipokuwa unaiweka siku zote. Hapo pana bati. Pitisha waya dirishani."

Nikaachia kitufe. Redio ikatoa mchanga wa kelele, hamna mtu.

"Sasa ingiza mkono nyuma ya redio. Kuna kichwa cha waya, cha duara, kina meno pembeni. Kizungushe kushoto kwa vidole. Usitumie koleo. Kikitoka, funga cha sumaku mahali pake. Kikaze mpaka kigome, usikilazimishe. Na usibonyeze kuongea kabla hakijakaa, utaiunguza redio."

Mchanga ule ule wa kelele.

Nikarudia yote, tangu mwanzo, polepole zaidi. Nikarudia mara ya tatu. Simu ya mezani ikalia. Sikio akapokea, akasikiliza, akaziba mdomo wa simu kwa kiganja. "Daktari amevaa koti," alininong'oneza. Kisha kwa simu: "Daktari, nipe dakika kumi." Akasikiliza. "Tano basi."

Sijawahi kuzungumza na watu namna ile, kabla wala baada. Hujui kama unawaambia au unajiambia. Nilianza kumwona Breki amepiga magoti kitini, vidole vyake vinene vikitafuta kile kichwa cha waya gizani nyuma ya redio, na mara nikaona kwamba hayupo, kwamba gari liko bondeni limelala ubavu, kwamba namfundisha mtu aliyekufa kukaza skrubu. Maziwa yalikuwa yamepenya blauzi yote mbele. Nikarudia mara ya nne.

Saa kumi na moja na dakika arobaini na tisa, ile kelele ya mchanga ilipasuka katikati.

"…kuu, kituo kikuu, hapa namba tatu!"

Sikio alinipokonya maikrofoni. "Namba tatu, nakusikia. Toa taarifa."

"Mama mmoja. Mtoto amekaa mlalo. Sista anasema moja kwa moja kisuni, narudia, moja kwa moja. Dakika ishirini na tano tuko getini."

Sikio alikuwa tayari amegeukia simu. "Daktari, yupo. Ni wa kisu. Vua koti."

Na redio ikaendelea, sauti ya Breki ikiwa na mikwaruzo na hasira na kitu kingine kilichokuwa karibu na kilio: "Mwambieni fundi mama tumemsikia tangu neno la kwanza. Nimejibu mpaka mbuzi wa watu wamekimbia!"

Nilikaa chini, sakafuni, mgongo ukutani. Sikio hakuniambia niinuke.

Jumatatu niliitwa. Nilieleza kila kitu, hodi na mshale pia. Mkubwa mmoja, si mtu mbaya, alivua miwani akasema: "Lakini gari lingerudi tu. Ungekaa kimya, nani angejua?" Hakuwa ananitega. Alikuwa anashangaa kweli, na swali lake lilinitisha kuliko adhabu. Adhabu ilikuwa miezi mitatu bila kupanda paa la gari peke yangu. Mzee Risasi na mimi tulifungua dari ya namba tatu kwa ndani, tukabandika karatasi pana ya chuma chini ya faiba, na fimbo mpya ikapata pa kukanyaga. Hakunihubiria. Aliposhuka ngazi tu ndipo alipouliza shavu la mtoto likoje.

Lilikuwa limepona tangu siku ya pili.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye kitabu cha zamu hakikumfikia. Siku ya nne nilikwenda wodi ya wazazi saa ya kuona wagonjwa. Kitanda cha dirishani. Alikuwa mkubwa kuliko mimi kwa miaka kumi hivi, uso umevimba kwa uchovu, na mtoto kwenye mkono wake wa kushoto, amefungwa shuka la hospitali.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ni wa dawa?"

"Hapana. Mimi ni fundi." Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na maneno yote yakanitoka. "Redio ya gari lililokuleta niliifunga mimi. Niliifunga vibaya. Ndiyo maana hawakusikika. Ndiyo maana lilisimama njiani."

Alimvuta mtoto karibu zaidi. Mama wa kitanda cha pili aliacha kukunja nguo.

"Lilisimama sana," alisema yule wa dirishani.

"Ndiyo."

"Nilijua nakufa pale. Nilimwambia sista anitoe nje nifie kwenye majani."

Samahani lilikuwa neno dogo, nililisema hivyo hivyo, na lilikaa kati yetu juu ya shuka.

Hakusema haidhuru. Hakusema tumshukuru Mungu. Aligeuka kwa shida, kidonda kikimvuta, akatazama chupa ya chai iliyokuwa kwenye kabati, mbali kidogo na mkono wake, kisha akanitazama mimi.

"Mshike basi," alisema. "Tangu asubuhi nataka chai na sina mkono."

Nikampokea. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea, na moto, na hakuamka. Nilisimama pale dirishani bila kusogea, nikimsikia mama yake akinywa funda kwa funda. Kikombe kilipokwisha nilinyoosha mikono nimrudishe. Yeye akajimiminia kikombe cha pili.